Togwa ya Mwalimu Mloka

1

Watu wakiniuliza nani alinifundisha ngumi, nawajibu mara moja: Mwalimu Mloka wa Kihonda, Morogoro. Wengi hutosheka na hapo. Ninyi mmeomba jibu refu, na kwa kuwa mmekuja na vitafunwa, haya, kaeni. Ila mkinikatiza nitaondoka, nawaambia mapema, hasira zangu bado ninazo.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Nilikuwa nimetoka kumlaza Adongo Were wa Kisumu raundi ya kumi, na mkanda wa Afrika Mashariki nimeushika mimi, Mwantumu Chanzi, mwanamke wa miaka thelathini na tatu ambaye mwezi mzima wachambuzi walikuwa wanamshauri akafungue genge la nyanya. Adongo alinizidi ujana kwa miaka tisa na mikono kwa inchi tatu. Aliposhuka goti moja, refa akahesabu, ukumbi mzima ukawa unaimba jina langu la ulingoni, Pilipili, Pilipili! Jamani, raha ya pale sijaipata tena popote.

Mwalimu akaingia ulingoni kwa kuinama chini ya kamba, kwa shida, maana alikuwa na miaka sabini na nne. Akanifuta damu puani kwa kiganja chake. Hakunipongeza. Alisema, "Mkono wa kushoto ulianza kushuka raundi ya saba. Tutaongea."

Nikacheka. Nilikuwa bado nacheka nilipoona watu wa viti vya mbele wananyoosha vidole, si usoni kwangu, begani.

Ninyi mmezaliwa mkamkuta shahidi, hamuoni ajabu. Enzi zetu alikuwa na miaka sita tu. Wanakupandia punje ndogo, haizidi mtama, chini ya ngozi, pale juu ya mfupa wa bega. Inaonja damu yako kila dakika, uko macho, umelala, uko chooni. Damu ikiwa safi, punje inatoa mwanga wa kijani. Ikikuta chochote cha kwenye orodha kimevuka kiwango, inawaka nyekundu, na mwenye macho anaona. Mambo ya kukojoa kwenye kikopo huku mtu amekukodolea macho yakaisha. Sisi mabondia tulikuwa tunasema refa anaweza kuhongwa, jaji anaweza kuhongwa, shahidi hahongeki.

Nikageuza shingo nikatazama. Nyekundu.

Ukumbi ukaanza kuzomea. Watu walewale! Yule mama aliyekuwa anapeperusha kanga yake kwa ajili yangu, sasa anairusha ulingoni kama uchafu. Nilimtazama Mwalimu. Alivua koti lake la kona akanifunika nalo mabega, akanishika kiuno, akanitoa. Chupa ya maji ikampiga kisogoni, na hakugeuka.

Mpaka leo, nikikumbuka lile koti, nasema Mungu alinipendelea.

2

Jumatatu asubuhi niliitwa na Daktari Ndekirwa, mpimaji wa Kamati ya Ngumi. Mwanamke mfupi, miwani kichwani badala ya machoni, chai imepoa mezani.

"Karibu, dada Mwantumu. Umekula?"

"Sijala, Dokta."

"Na mimi sijala. Nimeshinda na damu yako tangu juzi." Akavuta kiti karibu. "Nitakuuliza mara moja tu. Umejidunga kitu?"

"Wallahi sijajidunga."

"Najua. Nilitaka tu nikusikie."

Akanieleza taratibu. Alichokikuta shahidi ni ile homoni inayouamrisha uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu. Chembe zikiwa nyingi, hewa inafika kwenye misuli kwa wingi, na mtu anapigana raundi kumi na pumzi yake bado ya raundi ya tatu. Nikakumbuka raundi ya nane, Adongo anahema mdomo wazi, mimi nimetulia. Nilijiambia ni mazoezi. Kumbe!

"Wanaojidunga nawajua," Daktari akasema. "Ya kwao ni ya chupa, ina sura yake. Hii yako imetengenezwa na hamira."

"Hamira? Ya maandazi?"

"Ndugu yake. Hospitali inawapa watu ambao figo zao zimekufa. Figo ndizo zinazotoa hii homoni. Zikifa, damu inapungua, mtu anachoka mpaka kufunga vifungo vya shati ni kazi. Zamani walidungwa sindano kila wiki, maisha yote. Siku hizi wanameza kijiko kimoja cha hamira hai. Inaishi ndani yao, kuanzia ulimini mpaka utumboni, inawatengenezea dawa kimyakimya."

"Sasa imefikaje kwangu?"

"Hapo ndipo nilipokosa usingizi." Kwa mara ya kwanza akashusha miwani machoni. "Hamira hii imefungwa kwa kufuli. Haili sukari yoyote isipokuwa moja, na hiyo mgonjwa anaipata kwenye sharubati ya hospitali, chupa moja kila siku. Akiikosa siku mbili, hamira inakufa. Kwa hiyo hata akikupigia chafya usoni, kwako haiwezi kuishi. Waliochagua hiyo sukari wako mbali sana na hapa. Walipima mkate, wakapima wali, maziwa, bia, wakaridhika kwamba haimo kwenye chakula cha binadamu. Hakuna aliyewapelekea kimea cha ulezi, na humo ndimo ilimo."

Akaisogeza kando ile chai iliyopoa.

"Mimi ni wa Kibosho, dada. Nimekulia kwenye nyumba ya kupika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kimea nakijua. Nikajiuliza, huyu Mwantumu anakunywa nini chenye kimea, na anakunywa pamoja na nani?"

Nikaelewa. Togwa!

Mwalimu Mloka alikuwa Mluguru wa Matombo, na kwake bondia asiyekunywa togwa hajala. Aliipika mwenyewe. Anasonga uji wa mahindi mwepesi, anaupoza, anatia kimea cha ulezi, halafu anaongeza kikombe cha togwa ya jana ili ya leo iwahi kuiva. Chungu chake hakikuwahi kukauka. Togwa ya leo ilizaliwa na ya jana, na ya jana ilizaliwa na ya juzi, tangu enzi za mama yake. Nilipofika klabuni kwake nina miaka kumi na mbili, mama amekufa, shangazi hanitaki, mkononi nina jiwe la kumpigia yeyote atakayenigusa, hakuniuliza jina. Alisema, "Weka jiwe pale, unywe kwanza." Nilikunywa vikombe vinne. Mwaka mzima kile kilikuwa chakula changu cha mchana, na hakuna siku alinifanya nijione ombaomba.

Na alikuwa na desturi moja. Zamani, kabla yangu, kijana wake mmoja aliwekewa kitu kwenye maji kabla ya pambano, akapigwa akiwa amesinzia, akapoteza jicho. Tangu siku hiyo hakuna kilichoingia mdomoni mwa bondia wake bila kupita mdomoni mwake kwanza. Anachota togwa kwa kata, anaonja, anangoja kidogo akijisikiliza, halafu anachovya kata ileile, anakumiminia. Miaka ishirini na moja nimekunywa nyuma ya mdomo wake. Sisi tuliona ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi kweli.

Nikakumbuka Alhamisi zake. Miaka miwili kila Alhamisi anatuaga, "Naenda Mzinga kumwona dada yangu." Kabla ya hapo alikuwa amepauka, anapumzika mara tatu akipanda ngazi tano. Halafu akapona. Tukasema alhamdulillahi, malaria imemwachia mzee. Kumbe alikuwa anakwenda hospitali kwa ajili ya figo. Lo, sisi na ujinga wetu!

"Jina la mgonjwa siruhusiwi kulitaja," Daktari akasema. "Lakini wewe, kama mshtakiwa, ukiniomba kwa maandishi, Kamati italifungua. Na wewe unasafishwa. Ni ajali, si wizi. Utapumzika mwezi mmoja hamira ife na damu ishuke, urudi ulingoni."

"Na yeye?"

"Kanuni ya kumi na nne. Mwenye dawa hai mwilini haruhusiwi kona ya ngumi za kulipwa, hata kama ni mwalimu. Waliiandika kwa sababu ya vitu kama hivi."

"Kabisa?"

"Isipokuwa aiache dawa, shahidi athibitishe."

"Akiiacha?"

Daktari Ndekirwa aliiangalia chai yake. "Wiki sita. Labda nane. Hana figo, dada."

Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za jengo, jua linaniwaka utosini. Ningesema, ningekuwa huru. Nisiposema ni kifungo cha miaka minne, na bondia wa miaka thelathini na saba akirudi anarudi kufanya nini? Kuuza tiketi. Lakini namjua Mwalimu Mloka. Mke wake alishatangulia, watoto hakujaliwa. Bondia wa kulipwa pale klabuni nilikuwa mimi peke yangu, wengine wote walikuwa wa ridhaa, hata shahidi hawakuwa naye. Yule mzee akiambiwa achague kati ya kona yangu na damu yake, hatafikiria hata dakika moja. Ataacha dawa, atakufa amesimama nyuma ya kiti changu, na atajiona mshindi.

Nikasema hapana. Kama kuna deni la shukrani duniani, basi langu ni hili, na nitalilipa kwa kufunga mdomo.

3

Nilimkuta klabuni anafua bendeji za mikono kwenye beseni. Klabu yetu ilikuwa godauni la zamani la katani. Klabu za mjini mabegi yalikuwa yanazungumza, ukipiga linakutajia uzito wa ngumi na kukusifia kwa Kiingereza. Mabegi yetu yalikuwa mabubu, ya ngozi, yamejazwa matambara. Mwalimu alisema begi linalosifia linaharibu watu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Daktari kasemaje?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikatazama beseni.

"Ni kweli, Mwalimu. Nilijidunga."

Aliendelea kukamua bendeji. Akaikung'uta, akaianika kwenye kamba, akachukua nyingine.

"Umesema?"

"Nilijidunga dawa. Mwezi uliopita. Nilihofia umri."

"Nani alikupa?"

"Mtu."

"Mtu." Akakausha mikono kwenye suruali. "Niangalie, Mwantumu."

Hilo ndilo lililokuwa gumu, jamani. Kupigwa nimepigwa, mbavu zimevunjika, taya limehama. Kumtazama yule mzee machoni na kumwachia aamini kwamba mtoto aliyemlea ni mwizi, hapana, hilo sijawahi kupigwa hivyo. Nikamtazama. Sikupepesa.

"Nilijidunga," nikarudia.

Akakaa kwenye benchi.

"Kamati inakaa lini?"

"Ijumaa."

"Sawa. Nenda ukapumzike. Usinywe kitu kwa watu."

Akainuka akaelekea jikoni, akafunua chungu, akainama kukitazama muda mrefu. Nilidhani analia. Nikaondoka haraka kabla sijaanguka miguuni pake na kutapika yote, na siku nne zile niliishi kama maiti anayetembea. Simu yake sikupokea. Hata yeye hakupiga zaidi ya mara moja.

4

Ijumaa Kamati ilikaa asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Jaji Sekalinga, mama mstaafu mwenye sauti ya chini ambayo watu huinamia kuisikia. Daktari Ndekirwa alikaa pembeni na makaratasi yake, ananiangalia kwa jicho baya, kwa kuwa barua ya maombi sikuwa nimempelekea. Nyuma kabisa alikaa Adongo Were, mkono wake umefungwa kitambaa shingoni. Alikuwa na haki ya kuwepo. Nilishindwa kumsalimia.

"Mwantumu Chanzi," Jaji akasema, "unajibu nini?"

Nikasimama. "Nakiri, Mheshimiwa. Nilijidunga."

"Nani alikusaidia?"

"Hakuna. Mwalimu wangu hakujua lolote. Naomba hilo liandikwe."

Kalamu ya karani ilikuwa imeshaanza kutembea mlango ulipofunguka. Mwalimu Mloka aliingia amevaa koti lake la harusi, jeusi, limemzidi mabega, na mikononi amekumbatia chungu kilichofungwa kitambaa mdomoni. Chungu chenyewe! Nilikijua hata kabla sijamwona mbebaji.

"Shikamooni," akasema kwa Kamati nzima, ingawa alimzidi umri kila mtu mle ndani. "Huyu binti ni muongo. Naomba msimwandike."

"Mwalimu, kaa!" nikapiga kelele.

"Kaa wewe. Mheshimiwa Jaji, huyu mtu alipokuwa na miaka kumi na tatu walikuja manesi wa chanjo klabuni. Aliwakimbia, akapanda juu ya bati, akakaa huko tangu asubuhi mpaka jua linazama. Nilipanda mimi kumtoa. Mpaka leo akipimwa damu anashikwa na watu wawili. Halafu Jumatatu ananiambia amejidunga! Mwenyewe! Kwa mkono wake!" Akageuka kunitazama. "Ukitaka kudanganya mtu aliyekulea, chagua uongo unaokufaa."

Kuna mjumbe aliyecheka, akajifanya anakohoa. Mimi nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili.

Mwalimu akaweka chungu mbele ya Jaji. Akasimulia bila kupamba. Niliposema uongo wangu, yeye aliwaza jambo moja tu: kuna mtu ameingia jikoni kwake akatia sumu, na mimi namficha huyo mtu kwa sababu ya vitisho. Usiku hakulala. Jumanne alfajiri alikodi bodaboda, akakaa nyuma amekumbatia chungu, mpaka maabara kwa Daktari Ndekirwa, akamwambia kipime hiki, nitakaa hapa nje mpaka umalize. Alikaa hapo siku nzima. Jioni Daktari akamwita ndani. Ugonjwa ulikuwa wake na hamira ilikuwa yake, kwa hiyo yeye aliruhusiwa kuambiwa.

"Nilikuwa namtafuta adui," akasema. "Nikakuta ni mdomo wangu."

Daktari akathibitisha kwa maneno machache: hamira ya chunguni, ya mgonjwa na ya kwangu ina alama moja, na baada ya kuzoea kimea taratibu chunguni, ilikuwa imekaa kwangu kama majuma tisa, damu ikipanda kidogo kidogo, mpaka ilipovuka kiwango siku ya pambano, mwili ulipokauka kwa jasho.

"Bi Mwantumu," Jaji akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu Jumatatu."

"Na ungekubali miaka minne?"

"Ningekubali kumi."

"Kwa nini?"

Nikasema yote. Jiwe, togwa, koti. Nikasema Mheshimiwa, kila nilicho nacho, hata meno haya ambayo bado yapo, ni kwa sababu yule mzee alinifundisha kuinamisha kidevu. Shukrani yangu ningeiweka wapi? Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa muda wote niliokuwa naongea.

"Hukuniuliza," akasema. "Miaka ishirini na moja unapokea, mara moja nataka kukupa ukweli wangu, unaukataa. Shukrani gani hiyo?"

Alinipiga pale ambapo hakunifundisha kukinga.

Jaji akateta na wenzake. Akaniambia mimi sina kosa la dawa. Nina kosa la kusema uongo mbele ya Kamati, na kwa hilo nimeonywa. Nikaomba neno. Nikamgeukia Adongo, nikamwambia ile pumzi ya raundi ya nane haikuwa yangu, sikuiiba lakini haikuwa yangu, na sitaki mkanda niliosaidiwa kuupata na dawa ya figo za mtu. Nikautoa kwenye mfuko wa plastiki wa Rambo niliokuja nao, nikauweka mezani. Pambano lifutwe.

"Lifutwe," Adongo akasema. "Mkono ukipona turudiane. Na uje na pumzi zako, dada, nitazimaliza." Mtoto mzuri yule, nampenda mpaka kesho.

Basi likabaki jambo la Mwalimu. Jaji akasoma kanuni ya kumi na nne, akamaliza kwa ile sehemu niliyoiogopa: marufuku itaondolewa iwapo mhusika ataacha dawa hai na shahidi akathibitisha.

Mwalimu akanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Inachukua siku ngapi kufa?"

"Hamira? Siku mbili," Daktari akajibu. "Lakini wewe, Mzee..."

"Sijauliza habari zangu. Siku mbili. Pambano la marudiano likiwa baada ya wiki tano, nitakuwa safi?"

Kila mtu mle ndani alikuwa ameelewa anachokipigia hesabu. Alikuwa ametulia kabisa, mtu anayepanga safari. Nikamtazama Jaji, Jaji akatazama karatasi zake, kwa sababu kanuni haikuwa na mstari wa kumzuia mzee kufa akitaka.

Nikasimama mara ya tatu.

"Mheshimiwa, bondia anaruhusiwa kumwacha mwalimu wake?"

"Anaruhusiwa. Kwa kutamka mbele ya mashahidi, karani akaandika."

"Basi karani aandike. Mwalimu Mloka si mwalimu wangu tena. Kuanzia leo, saa hii. Kona yangu asikanyage, akija nitamtoa kwa walinzi."

"Mwantumu!"

"Nimekuacha, Mwalimu. Nimekuacha mara tatu, kama unataka talaka kamili."

Safari hii hakuna aliyecheka. Karani alinitazama kuhakikisha, nikamwonyesha kwa kidole aandike, akaandika. Nikasaini. Mkono wangu, huo wa kushoto unaoshuka, ulikuwa imara.

Mwalimu alikaa kitini taratibu. Sijawahi kumwona amepigwa hivyo.

"Miaka ishirini na moja," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unanifukuza mbele za watu."

"Ndiyo, Mwalimu. Sasa huna kona ya kuifia. Watoto wa ridhaa wako pale, kanuni haiwahusu, wafundishe mpaka uchoke. Wapikie wali, si togwa. Mimi nitakuja kukusalimia kila siku, na nitakukuta hai."

"Nani atakutazama huo mkono?"

"Sijui. Nitamtafuta."

Nje kulikuwa na mtu anauza karanga, tulisikia wimbo wake wote tangu mwanzo mpaka alipopita. Nilijua amekasirika, na nilikuwa tayari anichukie mpaka mwisho wa maisha yake, mradi uwe mwisho wa mbali. Halafu akaingiza mkono kwenye koti la harusi, akatoa kichupa cha sharubati chenye lebo ya hospitali. Ilikuwa mara ya kwanza nakiona. Miaka miwili alikuwa anajificha chooni kukinywa ili sisi tusijue. Akajaribu kufungua kifuniko, vidole vikateleza. Akajaribu tena.

Akaninyooshea.

"Nifungulie," akasema. "Kimekaza hiki."

Nikafungua. Akanywa mbele ya Jaji, mbele ya Adongo, mbele yetu wote, kidogo kidogo mpaka tone la mwisho, nami nimesimama pale nahesabu kila funda.

"Asante, Mwalimu," nikasema.

"Tamu mno," akasema, anafuta ndevu. "Hawa watu hawajui kupika."